Nilimsomea mzee kurasa tupu. Sasa nizijaze au niziache?

Mwana wa Mwika | 29 Desemba 2024, saa 4:10 usiku

Wakuu, habari za sikukuu. Ndiyo kwanza tumeingia Dar, watoto wamelala na viatu vyao, mama watoto anashusha mikungu ya ndizi kwenye buti, na mimi badala ya kumsaidia nimekaa ngazini na simu. Kuna jambo linanikereketa tangu Same.

Nitaanzia mbali kidogo, mnivumilie.

Mimi ni Mchaga wa Mwika, nina duka la vifaa vya ujenzi huku Tabata. Kila Desemba tunapanda nyumbani, ndiyo haya mnayotutania kwamba tunakwenda kuhesabiwa. Haya, tumehesabiwa. Tulitoka tarehe 22 saa tisa usiku ili tukwepe foleni ya Kibaha, tukanywa chai Korogwe, tukasimama kuchimba dawa mara nne kwa ajili ya yule mdogo, na tochi ikanipata mara moja (63 kwenye 50, sina la kujitetea). Saa nane mchana tuko Njia Panda ya Himo, mlima umejifunika kama kawaida yake wageni wakija.

Mzee wangu ana miaka 84. Macho yameondoka, presha ya macho, anaona mwanga na vivuli basi. Lakini ni mtu wa daftari. Chini ya kitanda ana sanduku la bati lenye kaunta buku kumi na moja, ya kwanza ya 1968. Hadithi haandiki. Aliandika kilo za kahawa alizopeleka chama cha msingi, mvua ilianza lini, ng'ombe kapandwa lini, nani kafa. Mwaka 1977 bei ya kahawa ilipanda sana, kwa sababu jalidi ilikuwa imeua mibuni ya Brazil mwaka 1975. Ukurasa wa mzee unasema: "Mabati 40. Saruji." Nyumba tunayolala mpaka leo ndiyo hiyo, imekaa kwenye maneno matatu.

Mwaka huohuo mpaka wa Kenya ukafungwa. Shangazi yetu mkubwa alikuwa ameolewa Taveta, hapo chini tu, ukungu ukiondoka unaoneshwa kwa kidole. Mwisho wa ukurasa mzee kaandika: "Krismasi. Dada hakuja." Fungua 1978: "Krismasi. Dada hakuja." Hivyohivyo mpaka 1982, mara sita, mwandiko uleule, hakuongeza hata neno. Mpaka ukafunguliwa Novemba 1983, na Desemba ile akaandika: "Dada amekuja. Ana watoto watatu."

Nilipooa, mwaka 2011, alinikabidhi kaunta buku mpya. Hotuba hakutoa. Alisema, "Na wewe sasa una mji wako." Tangu hapo naandika, na tangu macho yake yafifie, kila tarehe 26 baada ya kula namsomea mwaka mzima. Yeye yuko kwenye kiti chake cha kamba na kata ya mbege, mama yuko pembeni anachambua maharage na kunisahihisha.

Sasa sikieni aibu yangu. Daftari la madeni la dukani halijaruka hata siku moja. Nani kachukua nondo tano, nani kachukua misumari kilo mbili kalipa nusu akaapa kwa jina la marehemu mama yake, wote wamo. Daftari la nyumbani mwaka huu lina kurasa tatu na kipande. Januari mosi nimeandika ukurasa na nusu wa maazimio, yote marehemu. Februari nimeandika mgao wa umeme na nyama iliyoozea kwenye friji. Aprili nimeandika maji yaliyoingia stoo na mifuko 17 ya saruji iliyogeuka mawe. Basi. Kuanzia hapo karatasi ni nyeupe kama ilivyotoka dukani. Hata mazishi ya jirani yetu, mtu tuliyechangia naye ukuta miaka kumi, hayamo. Kila usiku nilisema nitaandika kesho.

Krismasi yenyewe ilikuwa nzuri. Mnada baada ya ibada ulituweka nje ya kanisa mpaka saa nane, maana mimi na shemeji tulipandishiana bei ya jogoo mmoja mpaka elfu themanini, na wote wawili tunajua jogoo yule alitoka bandani kwa mama asubuhi ileile.

Tarehe 26, mbuzi kaliwa, kisusio kimekwisha, mzee akasema, "Haya, lete mwaka." Nikafungua. Nikasoma Januari, nikasoma Februari, nikasoma Aprili. Nikafika kwenye weupe. Mzee amenigeuzia sikio vile anavyofanya, kidevu juu, kata imesimama hewani, haipandi mdomoni wala hairudi chini.

Wakuu, niliendelea kusoma.

Nilisoma Mei. Nilisoma Juni. Sauti niliiweka ileile ya kusoma, na vituo nikaweka, nikafika mahali nikalamba kidole na kugeuza ukurasa mtupu kwenda ukurasa mtupu. Mengi yalikuwa ya kweli, ila tarehe nilipachika tu. Nikasema ndama alizaliwa Juni, mama akasema, "Julai." Nikamjibu, "Aa, kweli, mwandiko wangu huu." Hapo ndipo nilipojichukia. Mzee alicheka mara mbili. Mwishoni akasema, "Mwaka ulikuwa mrefu," akaomba maji.

Binti yangu wa miaka kumi na mmoja alikuwa amekaa kwenye mkono wa kiti changu. Siku ile hakusema kitu, wala kesho yake, wala jana. Leo tumeshapita Same, wenzake wamelala, akainama katikati ya viti vya mbele: "Baba, ulipokuwa unamsomea babu, ulikuwa unasoma wapi?" Nikamwambia kichwani. Akasema, "Sawa." Hiyo sawa imenifuata mpaka Chalinze.

Swali langu. Daftari ninalo hapa pajani, miezi tisa mitupu. Niyaandike yale niliyosema, ili angalau nilichosoma kiwepo? Au niache? Na nyie mnaoandika, mwaka ukikupiteni hivi mnafanyaje? Msiniambie nipakue programu ya simu. Nimeshapakua tatu.

---

Pweza wa Feri | 29 Desemba, saa 5:32 usiku

Mangi, pole na safari, na karibuni tena mjini, tulikuwa tunapumua wiki hii barabara zote zetu.

Mwaka wako haujapotea, uko kwenye simu. Mimi nauza samaki, kuandika siwezi, mikono yenyewe ina magamba saa zote. Lakini mwaka jana nililazwa na homa siku tatu nikawa sina la kufanya, nikafungua meseji za M-Pesa kuanzia Januari. Kila muamala una tarehe, saa na jina. Ukikuta umemtumia shemeji elfu thelathini saa saba usiku, lazima utakumbuka kulikuwa na nini. Mimi nilikuta nimemtumia fundi simu elfu kumi na tano mara tatu ndani ya wiki moja, nikakumbuka simu ilivyotumbukia kwenye ndoo ya barafu, nikakumbuka na aliyenisukuma, nikakumbuka kwamba bado sijamsamehe.

Halafu kuna zile siku ambazo kila mtu anazo. Mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya, sisi huku boti zilikaa, watu wanacheza bao tu. Wiki ya pili yake intaneti ikafa, nyaya za baharini zilipopata hitilafu. Novemba 16 ghorofa la Kariakoo likaporomoka. Novemba 27 kura za mitaa. Jiulize tu siku hiyo ulikuwa umevaa nini. Nusu ya mwaka itakuja yenyewe.

Jaza, mangi. Mzee kashasikia, kilichobaki ni karatasi kumfuata mzee.

---

Mama Leso | 30 Desemba, saa 1:15 asubuhi

Kaka, salamu kutoka Mombasa. Mimi nasema usijaze, na sababu yangu ni sanduku la mamangu.

Mamangu hakujua kusoma ila Kurani. Daftari lake lilikuwa leso, nyinyi huko mwaziita kanga. Kila mwaka uliokuwa na jambo alinunua doti moja, akaivaa siku ya jambo lenyewe, akaifua, akaikunja, akaiweka juu ya ile ya mwaka uliopita. Usiku wa kuamkia Idi alikuwa akizitoa zote zipate hewa, na sisi twakaa kitako akituhadithia. Hii ya nduguyo kutahiriwa. Hii ya amiyo kurudi kutoka Jidda. Hii ya mwaka ule mvua ilipobomoa choo. Maandishi ya leso hayakuwa na uhusiano wowote na habari, ya choo iliandikwa "Wema hauozi", tukicheka mpaka majirani wakiuliza kuna nini.

Baina ya leso ya harusi ya dadangu na ile ya amu kulikuwa na gazeti. Gazeti kuukuu, limekunjwa vizuri ukubwa wa leso. Ule ni mwaka babangu hakuwa na kazi. Miaka ya baadaye pesa zilipopatikana dadangu alimwambia, mama, twende sokoni tununue moja tuiweke hapo, pengo lizibike. Mamangu alimtazama kama aliyetukanwa. "Nitaivalia wapi?" akasema.

Gazeti lile ninalo mimi. Leso zenyewe tuligawana.

---

Karani Mstaafu | 30 Desemba, saa 3:40 asubuhi

Kijana, nimefanya kazi ya masijala miaka thelathini na moja, nitakueleza kwa kifupi.

Kujaza si kosa. Kosa ni kujaza halafu ukajifanya hukujaza. Andika "Julai", pembeni andika "nimeandika tarehe fulani kwa kukumbuka". Unapokuwa huna uhakika na tarehe, andika mwezi tu. Mama yako akikusahihisha, usifute, andika sahihisho lake kando na ueleze ni lake.

Nasema hivi kwa maumivu. Marehemu kaka yangu alikuwa na daftari la mipaka ya shamba letu, ameandika kila jiwe na kila mti. Shauri lilipofika mbele ya wazee wa baraza, mmoja akalifungua, akasema miaka kumi yote hii imeandikwa kwa kalamu moja na mkono mmoja siku moja. Na ilikuwa kweli. Kaka alikuwa amenakili upya kwa sababu lile la zamani lililiwa na mchwa, lakini hakuandika popote kwamba amenakili. Yaliyomo yote yalikuwa sahihi. Tulipoteza nusu eka na mwembe.

Jambo la pili, nawe usichukie. Baba yako anaandika maneno matatu. Wewe Januari unaandika ukurasa na nusu wa maazimio, ndiyo maana Aprili unakata pumzi. Daftari lako la madeni halijaruka siku kwa sababu ni mstari mmoja. Nondo tano, jina, tarehe.

---

Nyakato | 30 Desemba, saa 6:05 mchana

Mbona wote mnajibu habari za karatasi? Mzee wa watu kadanganywa kwenye kiti chake, na mjukuu anaangalia. Mpigie simu umwambie. Na mimi nakwambia anajua, mtu asiyeona anasikia mpaka kope zako.

---

Pweza wa Feri | 30 Desemba, saa 6:20 mchana

Dada Nyakato, mwache mtu amalize ndizi zake kwanza.

---

Mwana wa Mwika | 4 Januari 2025, saa 3:25 usiku

Nimerudi. Asanteni wote. Karani, shikamoo, hiyo ya kukata pumzi Aprili mama watoto ameisoma kwa sauti mara mbili.

Nianze na Pweza. Nilikaa na meseji za simu tarehe 31 usiku, wenzangu wako mkesha. Inafanya kazi, tena inatisha. Novemba 16 nilikumbuka mara moja: asubuhi ile nilikuwa mitaa ya Gerezani nachukua kufuli na bawaba, nikaona watu wanakimbia kuelekea Kariakoo badala ya kukimbia kutoka. Nilirudi nyumbani saa mbili usiku na kufuli zangu, sikumwambia mtu kitu, nikala nikalala. Hiyo nimeiandika, mistari minne, na pembeni nimeweka tarehe niliyoiandikia kama Karani alivyoagiza. Juni nimekuta nimelipa fundi bomba wawili kwa bomba moja.

Mazishi ya jirani nimeyaandika pia, lakini siku sikuipata. Ilikuwa Septemba. Nilichanga kwa fedha taslimu.

Sasa mzee. Tarehe mosi nilipiga simu nikiwa nimejiandaa kukiri, Nyakato. Nilitoka mpaka uani. Binti akanifuata, anapenda kusikia sauti ya babu yake ikitoka kwenye spika. Tukasalimiana, heri ya mwaka mpya, mvua imenyesha, ndama ana kuhara. Nikavuta pumzi niseme. Mzee akaniwahi: "Ile ya fundi na mbuzi, nirudie."

Hiyo ni ya Julai, wakati nimetuma mabati ya kubadilisha paa la jiko lao. Nikaanza kumweleza, unajua baba, fundi alikuwa juu ya ngazi... Akanikata. "Si hivyo. Soma."

Soma nini? Daftari liko ndani, na hata ningelileta Julai ni nyeupe. Na kusema kweli sikukumbuka nililisemaje tarehe 26, nilikuwa nakimbia tu kama mtu anayevuka barabara. Nikaanza kugugumia. Binti akanyoosha mkono, akachukua simu, akageukia ukutani, akamsomea babu yake. Bila karatasi. Neno kwa neno, na vituo vyangu, na pale nilipokohoa akaacha nafasi. Mzee akacheka mahali palepale alipocheka mara ya kwanza. Mama kwa mbali akasikika anasema jambo, mzee akamwambia nyamaza tusikie.

Kwa hiyo kukiri sijakiri. Kama anajua hakusema. Nyakato, usinipigie kelele, Pasaka napanda.

Simu ilipokatika binti aliingia ndani akachukua kalamu, ukurasa wa Julai akauandika yeye. Mei, Agosti na Oktoba nimeziacha. Mama Leso, mwanzo nilitaka kuacha weupe tu, halafu nikakata kipande cha gazeti nikakiweka katikati. Mke wangu ameuliza hilo gazeti la nini, nimemsomea ulichoandika, akanyamaza, kisha akaniuliza kama najua leso ya mwaka tuliooana iko wapi. Sijui iko wapi. Tunaitafuta.

Nanakili ukurasa wa Julai kama ulivyo, sikugusa:

"Julai. (Imeandikwa tarehe 1/1/2025 na mimi, baba alisema kwa mdomo.) Mabati ya jiko la bibi yamefika 18. Fundi alipanda akasema ngazi ni nzima, babu akasema ngazi hiyo ni ya mwaka 1990. Fundi akasema mzee wewe huoni. Ngazi ikakatika. Fundi akaangukia kwenye zizi akakaa juu ya mbuzi. Fundi hakuumia. Mbuzi alichechemea wiki mbili. Babu akauliza, sasa nani haoni."

Mama kapiga simu jana, kasema mbuzi alichechemea siku tatu tu, na ngazi ni ya 1987. Binti ameandika pembeni: "Bibi anakataa."